Tanki la choo linalolia usiku

Mwezi huu tunaingia chumba ambacho watu wengi hawapendi kukizungumzia mbele ya wageni. Usicheke, na wewe kijana usikimbilie ukurasa mwingine. Feza, na hata amani ya nyumba, inaweza kupotelea mule ndani bila mtu kuona.

Sikiliza kwanza mambo yaliyoipata jamaa moja ya Uvira. Nyumba yao iko upande wa Kalundu, juu kidogo ya bandari. Wana robine, wana choo cha maji, na kwa sababu maji ya bomba hayaji kila saa, baba alijenga mnara mdogo wa matofali akaweka juu yake tanki kubwa la plastiki la litre 500. Maji yakija, tanki kubwa linajaa. Maji yakikatika, jamaa inaishi na akiba ile.

Basi ikafika wakati akiba haidumu tena. Jioni wanalala tanki limejaa, asubuhi wanakuta limeshuka sana. Bomba likikauka siku moja na nusu tu, hakuna hata tone. Mama akasema ni watoto wanafua nguo bila akili. Baba akasema ni mpangaji wa nyuma anaiba maji usiku. Mwisho lawama ikamwangukia binti yao wa kwanza, mwenye miaka 14, kwa sababu yeye ndiye anayefunga robine jioni.

"Wewe njo unaacha robine wazi," baba akamwambia. "Kuanzia leo, tanki ikikauka utabeba bido, utaenda kuchota mayi ziwani mbele ya masomo."

Binti akasema, "Papa, mimi ninafunga." Hakuna aliyemsikiliza. Akabeba bido. Siku nyingi alishuka ziwani mbele ya jua kutoka, akapanda kilima na litre 20 kichwani, akafika darasani amechelewa na amechoka. Kisha mdogo wake akashikwa na kuhara, akalazwa siku tatu. Mungu alisaidia, mtoto akapona.

Usiku mmoja nyanya yao, mama ya baba, akachoka na kelele za nyumba. Akasema, "Munagombana bure tu. Mimi silali sana. Ile choo yenu inalia usiku muzima, shii, shii, mpaka asubui. Muende muangalie."

"Mama, choo inalia namna gani?"

"Chukua torshi, uende usikilize."

Baba akaenda. Akamulika ndani ya bakuli la choo. Akaona maji yanashuka kwa ukuta wa nyuma, membamba kama uzi, hayakatiki. Mpangaji hakuwa mwizi, na binti hakuwa na kosa. Ni kipande cha mpira, kipana kama mdomo wa kikombe, kilichokuwa kimechoka ndani ya tanki la choo.

Tufanye hesabu

Ndugu msomaji, uzi ule wa maji unaweza kuonekana si kitu. Tuuhesabu. Tuseme unapoteza robo ya litre kwa dakika moja, ni kusema kikombe kimoja cha chai. Kwa saa moja ni litre 15. Kutoka saa mbili ya usiku hadi saa kumi na mbili ya asubuhi ni saa kumi, basi litre 150: bido saba na nusu zimekwenda shimoni wakati mumelala. Kwa siku nzima ni litre 360, bido 18. Tanki la litre 500 linakwisha kwa saa 33 hivi, hata kama hakuna mtu aliyekunywa wala kuoga.

Linganisha na jambo hili. Mashirika yanayosaidia wakimbizi yana kipimo cha chini kabisa cha maji: litre 15 kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa, kupika na kujisafisha. Uzi ule wa choo umekula sehemu ya watu 24. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba pia humaliza pipa.

Tena, mahali pengine maji yakipotea hasara ni ya feza tu, konteri inazunguka na fakture inapanda. Uvira hasara ni kubwa kuliko ile. Maji ya mji yanatoka mto Mulongwe, yanasafishwa, kisha yanasukumwa kwenda kwa watu, na umeme ukikatika maji nayo yanakatika. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne mwaka 2020 mto ule ule ulifurika, ukaua watu, ukabomoa nyumba nyingi, na maji ya bomba yakapata taabu kubwa. Bomba likikauka, watu wanashuka mtoni na ziwani, na ugonjwa wa kolera uko katika eneo hili tangu zamani.

Watafiti walifuata jambo hili Uvira kuanzia mwaka 2009 hadi 2014. Waliweka hesabu ya maji yaliyotumwa mjini kila siku pembeni ya hesabu ya wagonjwa walioingia kutibiwa kwa kudhaniwa wana kolera. Waliona kwamba baada ya siku isiyo na maji ya bomba, ndani ya siku 12 zinazofuata, wagonjwa wanaongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo maji safi yaliyo ndani ya nyumba yako ni kinga ya watoto wako. Anayeyaacha yavuje anaweza kuwatuma watoto ziwani bila kujua.

Tanki la choo linafanya kazi namna gani?

Ondoa kifuniko polepole, kiweke chini juu ya kitambaa, maana kinavunjika kama sahani. Angalia ndani. Maji ya humu ni yale yale ya bomba, hayajafika bado kwenye bakuli, kwa hiyo usiogope kuingiza mkono. Lakini usiyanywe.

Utaona milango miwili. Wa kwanza ni wa kuingilia: robine ndogo yenye floteri, ni kusema boya linaloelea. Maji yakipanda, boya linapanda pamoja nayo, na likifika juu linafunga robine ile. Mlango wa pili uko chini katikati, ni wa kutokea. Unafungwa na mpira wa duara unaolala juu ya tundu. Ukivuta kishikio, au ukibonyeza kitufe, mpira unanyanyuka, maji yanashuka kwa nguvu, kisha mpira unalala tena.

Kuna pia bomba fupi lililosimama katikati, wazi kwa juu. Hilo ni la usalama. Boya likishindwa kufunga, maji ya ziada yanaingia humo na kwenda chooni badala ya kumwagika sakafuni. Ni jambo zuri, lakini ndilo linaloficha ubaya: sakafu inabaki kavu, na wewe unafikiri hakuna kinachopotea.

Na yale maji yanayobaki chini ya bakuli? Hayo yana kazi yake. Mwaka 1775 fundi mmoja wa saa huko London, Alexander Cumming, alipata hati ya serikali kwa choo chenye bomba lililokunjwa kama herufi S. Maji yanabaki kwenye mkunjo na kuzuia harufu isirudi chumbani. Maji hayo sherti yalale kimya. Ukiyaona yanatetemeka saa ambayo hakuna mtu aliyetumia choo, ujue tanki linavuja.

Kutafuta ugonjwa mbele ya kutoa dawa

Wengi wanakosea hapa. Wanakimbilia kenkayeri kununua mashine nzima mpya, kumbe kilichoharibika ni mpira mmoja. Fanya majaribio haya mawili kwanza.

Jaribio la rangi. Mimina ndani ya tanki nusu kikombe cha kahawa nyeusi iliyopoa, au weka bulu kidogo ya kufulia nguo nyeupe. Mtu yeyote asitumie choo kwa nusu saa. Rangi ikionekana ndani ya bakuli, maji yanatoka tanki na kwenda chooni.

Jaribio la kalamu. Sasa tujue yanapita mlango gani. Acha tanki lijae, kisha funga vani, kile kifungo kilicho kwenye bomba dogo la kuingilia, kwa kukizungusha kuelekea kuume. Kama hakuna vani, funga ile ya tanki kubwa. Piga alama ya kalamu ya mti ndani ya tanki la choo, mahali maji yanapofika. Rudi baada ya saa moja. Maji yakiwa yameshuka chini ya alama, ugonjwa uko kwenye mpira wa chini. Yakibaki pale pale, lakini ukifungua vani unasikia tena "shii" na maji yanaingia bomba la usalama, ugonjwa uko kwa boya na robine yake.

Dawa ya boya

Maji yanatakiwa kusimama sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba la usalama. Kama yanapita, boya limekaa juu mno. Lenye mkono wa shaba, kunja mkono kidogo kuelekea chini, kwa mikono miwili, polepole. Lenye mkono wa plastiki lina parafujo ya kurekebisha, izungushe kwa turnevisi na uangalie.

Kama boya limezama nusu, litoe ulitikise. Ukisikia maji ndani, limetoboka, na hilo ni la kubadilisha.

Kama boya ni zima lakini maji hayakatiki, funga vani, fungua kichwa cha robine ile ndogo. Ndani yake utakuta kipande cha mpira. Mara nyingi taabu ni mchanga tu. Wakati wa mvua mto unaleta udongo, na udongo kidogo unafika mpaka ndani ya nyumba. Osha mpira, osha tundu lake. Kama upande mmoja umechimbika, wazee wa kazi wanaugeuza upande wa pili, na unaendelea muda mrefu.

Dawa ya mpira wa chini

Huu ndio ugonjwa wa nyumba yetu ya Kalundu. Fuata hatua hizi.

1. Funga vani, vuta choo, tanki liishe maji. Yaliyobaki chini yakamue kwa kitambaa.

2. Toa mashine ya katikati. Nyingi za mtindo wa Ulaya zinatoka kwa kuzungusha robo ya mzunguko kuelekea kushoto, kisha unanyanyua. Usitumie nguvu za kupasua mawe, plastiki haisamehe. Kama ni ya mnyororo, ondoa mnyororo kwanza.

3. Angalia mpira. Ukiwa na utelezi, uoshe kwa sabuni. Ukiwa mgumu, umepasuka, au unaacha weusi kwenye vidole, umekufa.

4. Pitisha kidole juu ya tundu mahali mpira unapolala. Ukisikia magamba magumu, paka ndimu au siki, ngoja saa moja, kisha sugua kwa kitambaa. Usikwangue kwa kisu, maana mkwaruzo mmoja unafungua njia mpya ya maji.

5. Beba mpira wa zamani mkononi uende nao dukani. Usiseme tu "nipe mpira ya choo", sababu vipimo ni vingi. Linganisha upana wa nje, upana wa tundu la katikati na unene.

6. Ukikosa wa kununua, unaweza kukata mwingine katika mpira wa ndani wa gurudumu la gari, ukifuata umbo la ule wa zamani. Fundi wetu wa Kalundu, ambaye ni baba mdogo wa watoto wale, alifanya hivyo usiku ule ule, na maji yakasimama. Lakini ujue ni bandeji, si dawa ya kudumu.

7. Rudisha kila kitu. Kama kuna mnyororo, uachie ulegevu wa sentimita moja hivi. Ukiwa mfupi unanyanyua mpira, ukiwa mrefu unaingia chini yake. Fungua maji, kisha rudia jaribio la rangi. Usiseme "imepona" mpaka bakuli limebaki jeupe kwa nusu saa.

Kama maji yako sakafuni

Hapo uvujaji ni wa nje. Kausha tanki lote kwa kitambaa, tandika magazeti makavu kuzunguka choo, ungoje. Mahali karatasi inapolowa kwanza ndipo penye njia. Kama tanki lote lina jasho dogo dogo, na hakuna tone linalotoka mahali pamoja, pengine ni joto la ziwa tu linalokutana na maji baridi, kama chupa ya limonade iliyotoka kwenye friji.

Kwenye bomba la kuingilia, fungua, zungusha utepe mweupe wa teflo mara kadhaa kwenye meno ya bomba, kisha kaza tena. Chini ya tanki kuna bulo mbili zinazolishikanisha na bakuli. Zikaze kidogo upande huu, kidogo upande ule, nusu ya mzunguko kila mara. Ukikaza upande mmoja kwa hasira, tanki linapasuka. Na tanki lililopasuka usilibandike simenti, litakudanganya wiki moja kisha litamwaga maji yote usiku.

Maonyo machache

Usiweke dawa kali ya kusafishia ndani ya tanki. Klori inakausha mipira na kuivunja mbele ya wakati wake. Dawa iweke bakulini.

Watu wengine wanaweka tofali ndani ya tanki ili litumie maji kidogo. Wazo ni zuri, lakini tofali linamomonyoka na vipande vyake vinaingia chini ya mpira. Weka chupa ya litre moja iliyojaa maji na kokoto, iliyofungwa vizuri, mbali na boya. Kila unapovuta, umebakiza litre moja.

Maji yakikatika mjini, funga robine zote za nyumba, hata ile ya tanki la choo. Bomba lililokauka linaweza kuvuta uchafu ndani yake, na maji yakirudi usiku hutakuwapo kuyaona.

Ukimaliza kazi, osha mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. Hata fundi.

Kwenu ninyi mnaoishi cité za zamani za kampuni, Likasi, Kolwezi au mahali pengine, vyoo vyenu vingine vina tanki la chuma lililo juu ukutani, na mnyororo wa kuvuta. Milango yake ni miwili vile vile, na dawa ni zile zile, ila panda kwenye ngazi imara, si juu ya bakuli. Na ninyi ambao hamna choo cha maji, msiseme ukurasa huu si wenu. Robine ya uwanjani inayodondoka nayo ina kipande cha mpira ndani yake. Funga maji, ifungue, geuza au badilisha mpira. Ni kazi ya dakika kumi, na majirani wanaopanga mstari na bido zao watakushukuru.

Neno kwa wazazi

Turudi Kalundu tumalizie. Asubuhi ile baba aliamka mapema, akapanda mnara, akachungulia tanki kubwa. Maji yalikuwa pale pale alipoyaacha jioni. Akashuka. Binti alikuwa tayari ameshika bido mlangoni, kwa mazoea.

Baba akamwambia mbele ya wote, "Weka chini, mwanangu. Mayi iko. Ile siku ulisema unafunga robine, ulisema kweli. Ni mimi nilikosa."

Kisha akafanya jambo la pili ambalo limenipendeza zaidi. Akamwita chooni, akamwonyesha boya, mpira na vani, akampa pensi mkononi. Sasa mwenye kujua ugonjwa wa tanki katika nyumba ile ni binti huyo, na mama wa jirani wameanza kumwita kwao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, maji yakipungua nyumbani mwako, usianze kwa kutafuta mwenye makosa. Anza kwa kusikiliza. Usiku wa leo, watu wakilala na redio ikizimwa, simama dakika mbili mlangoni pa choo. Kama unasikia "shii", kesho tafuta kahawa yako nyeusi na kalamu ya mti.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.